Kikundi cha 32: tathmini mbaya inavyoingia kwenye mshahara wa mtumishi wa umma

*Nyongeza ya kila mwaka inaweza kuzuiwa kwa sababu ya kazi duni, na hasara yake humfuata mtumishi hadi siku ya kustaafu. Ubaya hauko kwenye adhabu yenyewe. Uko kwenye namna inavyochagua wa kumwangukia.*

Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30. Wiki za mwisho kabla ya siku hiyo ndizo fomu ya tathmini ya utendakazi husakwa katika kila ofisi ya umma, kuanzia makao makuu ya kaunti mjini Nyeri hadi vituo vidogo kama Gakindu, huku Mukurwe-ini. Tuchukue mfano wa afisa wa kilimo wa nyanjani. Mwezi Julai alijiwekea lengo, akakubaliana na msimamizi wake, la kutembelea vikundi 40 vya wakulima wa kahawa na ng'ombe wa maziwa. Juni inafika akiwa ametembelea 31. Piga hesabu, upate asilimia 77.5. Jedwali lililochapwa ndani ya fomu hiyo lina maneno yake tayari: 80 hadi 99 ni kazi nzuri, 60 hadi 79 ni ya wastani, 59 kushuka ni duni. Kikundi kimoja tu zaidi, cha 32, kingemfikisha 80 kamili.

Nafasi ya kueleza kwamba pikipiki ilikaa wiki kadhaa bila mafuta ipo, lakini ni kisanduku kidogo, na miteremko ya Mukurwe-ini haina kisanduku kabisa. Msimamizi hutia sahihi, fomu hupanda hadi kwa kamati ya utendakazi, na huko hukutana na orodha ya mapendekezo: zawadi, mafunzo, ushauri nasaha, au adhabu. Hapo ndipo karatasi inapoweza kugusa pesa. Nyongeza ya mshahara ya kila mwaka, ambayo watumishi wengi huihesabu kuwa yao mwezi ukifika, kikanuni hutegemea kazi na mwenendo. Katika orodha ya adhabu za utumishi wa umma nchini Kenya, kusimamishwa, kuzuiwa na kuahirishwa kwa nyongeza kumeandikwa bega kwa bega na karipio, kushushwa cheo na kufutwa kazi. Kati ya hizo tatu, kuahirishwa ndiko kunakouma kuliko kunavyosikika, kwa sababu tarehe ya nyongeza ikisogezwa mbele, nyongeza zote zinazofuata husogea nayo.

Hoja yangu ni hii. Kazi mbovu inastahili kugusa mshahara, na anayesema vinginevyo hamtendei haki mwananchi anayeulipa. Lakini kinachopaswa kugusa mshahara huo ni rekodi ya mwaka mzima, iliyoandikwa pande zote mbili zikiiona, wala si alama iliyojazwa Juni kwa haraka. Tena ni lazima iguse kila mtu kwa kipimo kimoja. Fomu inayojazwa kwa mazoea mwaka baada ya mwaka, ikafufuka siku mtu fulani anapotafutwa, haipimi kazi. Ni silaha tu iliyohifadhiwa kabatini.

Fomu ilitoka wapi

Kabla ya mageuzi ya miaka ya 2000, mtumishi wa umma aliandikiwa ripoti ya siri. Mkubwa wake aliandika alichoona, akaifunga, akaituma juu. Aliyeandikwa angeweza kukaa miaka kumi katika cheo kimoja bila kujua ni sentensi gani iliyomkwamisha. Serikali ya Mwai Kibaki, mwana wa Othaya, jirani wa Mukurwe-ini, iliingia madarakani mwisho wa 2002 ikiahidi kuufufua utumishi wa umma. Mwaka 2004 mashirika 16 ya serikali yalitia sahihi mikataba ya utendakazi kwa majaribio. Mwaka 2006 tathmini ya wazi ya mtumishi mmoja mmoja ikafuata: malengo yanaandikwa mwanzoni, yanapitiwa katikati ya mwaka, yanapimwa mwishoni, na anayepimwa anatia sahihi. Tanzania ilikuwa imepita njia hiyo hiyo ilipoleta mfumo wake wa tathmini, OPRAS, mwaka 2004.

Lilikuwa jambo jema, na ni vizuri kulisema kabla ya kuanza kulaumu. Mtu aliyeona alama zake anaweza kuzipinga, na hilo halikuwezekana chini ya ripoti ya siri. Ila mageuzi hayo yalikuja na dhana kwamba msimamizi na anayesimamiwa watakaa meza moja mara tatu kwa mwaka. Ofisi yenye msimamizi mmoja na watu wachache huweza hilo. Msimamizi mwenye maafisa waliotawanyika katika kata nzima, kila mmoja upande wake wa bonde, hukutana na fomu zake zote kwa pamoja, mwezi Juni.

Halafu ikaja Katiba ya 2010 na serikali za kaunti mwaka 2013. Leo mji mdogo wa Mukurwe-ini una waajiri watatu wa serikali wanaopita barabara moja. Afisa wa kilimo na muuguzi ni wa kaunti. Naibu wa chifu ni wa serikali ya kitaifa. Mwalimu ni wa Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, na tathmini yake, TPAD, iliyoanza mwaka 2016, hufanywa kila muhula na hujazwa mtandaoni. Kila mmoja ana fomu yake, msimamizi wake na mlango wake wa rufaa. Mwananchi anayewahitaji wote watatu kwa siku moja haoni tofauti yoyote, na hana sababu ya kuiona.

Hesabu ya ngazi moja

Kwa nini ngazi moja ya mshahara izue mjadala mkubwa hivi? Kwa sababu katika utumishi wa umma vyeo hupatikana kwa nadra. Mwalimu au karani anaweza kukaa katika daraja moja kwa miaka mingi, na nyongeza ya kila mwaka ndiyo inayomsogeza peke yake, mpaka afike kwenye dari la daraja lile. Tufanye mfano wa kubuni wenye tarakimu nyepesi: mtumishi wa miaka 35, nyongeza yake ni Sh1,500 kwa mwezi, na amebakisha miaka minane kufikia dari. Akiahirishiwa nyongeza mara moja, atakuwa nyuma ngazi moja katika kila mwaka wa hiyo minane. Anapoteza Sh18,000 kwa mwaka, Sh144,000 kwa jumla, kabla ya kodi.

Hapo bado hatujafika uzeeni. Tangu Januari 2021 walimu, polisi na watumishi wa serikali ya kitaifa walio katika mfuko mpya wa pensheni huchangia sehemu ya mshahara wao wa msingi, ambayo imefika asilimia 7.5, na serikali huchangia asilimia 15 ya mshahara huo. Mshahara ukibaki chini, mchango nao hubaki chini. Kwa mtu wetu, serikali peke yake ingeweka Sh21,600 pungufu katika ile miaka minane, pesa ambazo zingekaa katika mfuko huo zikizaa hadi atimize miaka 60. Kwa wale waliobaki katika mpango wa zamani, pensheni hukokotolewa kwa mshahara wa mwisho na miezi ya utumishi, kwa hiyo anayestaafu kabla ya kufika dari huondoka na ngazi iliyokosekana ikiwa ndani ya pensheni yake ya kila mwezi.

> Adhabu ile ile inayomgharimu kijana zaidi ya laki moja humgharimu mkongwe aliyefika dari shilingi sifuri.

Jambo linalosahaulika ni nani asiyeguswa. Mtumishi wa miaka 56 aliyekwisha kufika dari la daraja lake hana nyongeza ya kunyimwa. Anaweza kupata alama 50 mwaka huu na 50 mwaka ujao, na hati yake ya mshahara isibadilike hata senti. Kwa hiyo adhabu inayotegemea nyongeza huwaangukia walio chini na walio wachanga kazini, watu ambao aghalabu ndio wenye vitendea kazi vichache zaidi, na huwaacha wale ambao uzembe wao, kama upo, una miaka mingi ya kujijenga. Sijui mwajiri anayekaa chini akachora mpango wa namna hiyo makusudi. Umetokea kwa sababu kanuni ya zamani ya nidhamu iliunganishwa na fomu mpya ya tathmini, na hakuna aliyesimama kupiga hesabu ya matokeo.

Tena nyongeza si mlango pekee. Katika madaraja ya chini ya kada nyingi mtumishi hupanda baada ya miaka mitatu ya kazi ya kuridhisha, na matangazo ya kupandisha walimu huagiza alama za TPAD. Alama ya wastani inaweza kuacha nyongeza salama ikafunga cheo, ambacho ndicho chenye pesa nyingi.

Hoja ya mlipa kodi

Mkulima wa Gakindu ana jibu fupi kwa yote haya. Anapofikisha kahawa kiwandani huichambua mwenyewe kwanza. Buni mbichi na zilizooza hutolewa pembeni, zilizobaki hupimwa, naye hupewa stakabadhi. Hapati shilingi zaidi kwa sababu ameikuza kahawa miaka ishirini. Kwa nini basi afisa anayelipwa kwa kodi ya mkulima huyo aongezwe mshahara kwa kuwa tu mwaka umepita?

Swali hilo ni zito, na vyama vya wafanyakazi hukosea vinapolijibu kwa kusema kila tathmini ni hila ya kuwakandamiza wanachama. Wapo watumishi wasiofika kazini. Wapo wanaofika saa tano na kuondoka saa nane. Wenzao wanaobeba kazi yao huwaona, na huona pia kwamba mwisho wa mwaka wote wamepanda ngazi sawa. Hakuna kinachovunja moyo wa mtumishi mwenye bidii kuliko hicho. Bili ya mishahara nayo ni mzigo halisi: kanuni za fedha za mwaka 2015 zinaitaka kaunti isitumie zaidi ya asilimia 35 ya mapato yake kulipa mishahara, na kaunti nyingi zimeuvuka mstari huo.

Lakini mkulima yule yule akiulizwa atasema kitu kingine kuhusu mizani. Anaisoma mwenyewe. Inapima kilo, ambazo ndizo anazouza. Na karani hasubiri mwisho wa msimu ndipo amwambie kwamba mzigo wa Oktoba ulikuwa na kasoro. Mambo hayo matatu ndiyo yanayokosekana katika tathmini nyingi za utumishi wa umma. Malengo huandikwa kwa vitu vinavyohesabika kwa urahisi: vikao vilivyoitishwa, mabaraza yaliyofanyika, maandalio ya masomo yaliyojazwa. Kama mavuno ya mkulima yalipanda, kama mtoto alijua kusoma, ni shida kuhesabu, basi huachwa. Afisa mjanja atawakusanya watu kumi chini ya mti, apige picha, ahesabu kikundi. Aliyekaa siku nzima na kikundi kimoja chenye kahawa iliyoshambuliwa na ugonjwa atamaliza mwaka akiwa na 31.

Na hiki pia lazima kisemwe: chini ya ile asilimia 35, ncha mbili za ile orodha ya mapendekezo hazina uzito sawa. Zawadi ni gharama, adhabu ni akiba. Kaunti iliyobanwa itachelewa kulipa bonasi kwa waliovuka asilimia 100, lakini haitaona ugumu kuacha kulipa nyongeza kwa waliopata 70. Sisemi kuna mtu anayewaagiza wasimamizi kushusha alama. Nasema tu mteremko umeelekea upande huo, na hahitajiki mtu wa kusukuma.

Nani anaweka lengo, nani anatoa mafuta

Mkataba wa utendakazi hushuka kama ngazi: gavana na mawaziri wake wa kaunti, mawaziri na makatibu, makatibu na wakurugenzi, hadi afisa wa nyanjani. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaidai kila kaunti mpango wa kusimamia utendakazi. Kimaandishi mfumo umekamilika. Sasa utazame Nyeri yenyewe mwaka 2017. Gavana wa kwanza, Nderitu Gachagua, alifariki Februari. Samuel Wamathai akashika usukani hadi uchaguzi wa Agosti. Wahome Gakuru akaapishwa, akafariki katika ajali Novemba, na Mutahi Kahiga akachukua nafasi. Magavana wanne katika mwaka mmoja. Katikati ya hayo wauguzi wa kaunti kote nchini walikuwa wamegoma kuanzia Juni hadi Novemba, na mwanzo wa mwaka huo huo madaktari walikuwa wametoka katika mgomo wa siku 100.

Ni malengo gani ya Julai 2017 ambayo muuguzi wa Hospitali ya Mukurwe-ini angepimwa nayo Juni 2018 kwa haki? Miezi minne ya kwanza ya mwaka wa tathmini ilimezwa na mgomo ambao kauli yake ya mwisho ilikuwa mezani pa magavana, si wodini. Huo ulikuwa mwaka wa msiba na misukosuko, nitajibiwa, na kweli ulikuwa hivyo. Lakini hata katika mwaka mtulivu, anayeandika lengo la vikundi 40 si yule anayeamua mafuta yatoke lini. Hazina ya kitaifa ikichelewesha mgao, kaunti huchelewa, idara huchelewa, na pikipiki husimama. Kipimo kinachotajwa mara kwa mara katika kilimo ni afisa mmoja kwa wakulima 400. Hapa Kenya mmoja huhudumia zaidi ya elfu moja. Alama ya mtu wa chini hubeba makosa ya ngazi zote zilizo juu yake, kisha mshahara unaokatwa ni wake peke yake.

Mahakama zimekwisha kuuona mtego huu. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41, inamtaka mwajiri amsikilize mfanyakazi kabla ya kumwachisha kwa kazi duni. Katika uamuzi wa mwaka 2013 uliohusu hoteli ya Ol Tukai, korti ilikwenda mbali zaidi: haitoshi kudai kwamba mtu alifanya vibaya. Mwajiri aonyeshe alikuwa na utaratibu wa kutofautisha kazi nzuri na mbaya, na aonyeshe alichofanya kumsaidia mfanyakazi baada ya kuona kasoro. Uamuzi ule ulihusu kufutwa kazi, na hoteli ni mwajiri binafsi. Lakini sioni kwa nini serikali ijiwekee kipimo cha chini zaidi inapokata mshahara wa mtu taratibu kwa miaka minane.

Walimu wawili, darasa moja

Anayetaka kuona jinsi mgogoro wa tathmini unavyoweza kupasua mishahara atazame walimu. Chama cha walimu, KNUT, kilipeleka TSC kortini kikipinga mambo kadhaa kwa pamoja: uhamisho wa walimu mbali na nyumbani, mafunzo mapya ya lazima, tathmini, na miongozo mipya ya kupanda vyeo. Julai 2019 Jaji Byram Ongaya alitoa uamuzi ulioirudisha KNUT kwenye utaratibu wa zamani wa kupanda vyeo. Chama kilishangilia. TSC ikasema sawa, basi wanachama wa KNUT hawatapata nyongeza za mkataba wa 2017 hadi 2021, kwa sababu mkataba ule umejengwa juu ya miongozo waliyoikataa.

Matokeo yake walimu wawili wenye cheti kimoja na miaka sawa ya kazi, wanaofundisha vyumba vinavyotazamana, walilipwa tofauti kwa sababu ya kadi ya chama. Wanachama walihama kwa maelfu. KNUT, iliyokuwa na zaidi ya walimu 180,000 kabla ya uamuzi, ilibaki na sehemu ndogo sana ya idadi hiyo, na mwaka 2021 katibu mkuu Wilson Sossion akajiuzulu. Mgogoro huo haukuhusu alama za mtu mmoja mmoja, na sitaki kuupotosha. Lakini umeonyesha kwamba chama kinaweza kushinda hoja kortini na mwanachama akashindwa kwenye hati ya mshahara. Pia ulimfundisha kila mtumishi wa umma kuogopa kupinga tathmini, hata anapokuwa na sababu.

> Chama kinaweza kushinda kortini, mwanachama akashindwa kwenye hati ya mshahara.

Tanzania ilitoa funzo la upande wa pili. Kwa miaka kadhaa nyongeza za kila mwaka zilisitishwa kwa watumishi wote, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kurejea kwake siku ya Mei Mosi 2023 mjini Morogoro. Katika miaka ile fomu ziliendelea kujazwa. Lakini aliyefanya vizuri na aliyefanya vibaya walibaki ngazi moja, na tathmini ikawa zoezi la karani. Nchi ile sasa imeleta mfumo mpya wa kidijitali badala ya OPRAS. Kompyuta itasaidia kuona nani hajajaza. Haitamsaidia msimamizi kuandika ukweli.

Ukweli wenyewe ni adimu

Kuna pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote, na halitoki kwa vyama wala kwa hazina. Linasema hivi: ongeza masharti ya kuzuia nyongeza, na hakuna msimamizi atakayethubutu kumpa mtu alama mbaya. Barua, vikao, rufaa, mawakili. Rahisi zaidi kuandika 85 na kwenda nyumbani. Ni kweli kabisa kwamba binadamu hukwepa kazi ya namna hiyo. Nchini Marekani, serikali kuu ina madaraja yenye ngazi kumi, na kupanda ngazi kunahitaji kazi ya kuridhisha. Anayenyimwa huandikiwa sababu, ana haki ya kuomba uamuzi uangaliwe upya, na kazi yake lazima ipimwe tena kabla ya wiki 52 kwisha. Utaratibu mzuri, lakini wakaguzi wa serikali yao walipotazama alama za mwaka 2013 walikuta takribani asilimia 99 ya watumishi wa kudumu wamepewa alama ya kuridhisha au zaidi. Ni vigumu kuamini kwamba mzembe alikuwa mmoja kati ya mia.

Hata hivyo pingamizi hilo linathibitisha hoja yangu kuliko linavyoivunja. Msimamizi huandika 85 kwa wote kwa sababu siku ya Juni hana chochote mkononi cha kuthibitisha 60. Hakumwandikia mtu Septemba alipokosa kufika. Hakukaa naye Januari, ingawa fomu ina ukurasa mzima wa mapitio ya katikati ya mwaka, ambapo lengo lisilowezekana hurekebishwa na anayelegea huambiwa. Bila maandishi ya Januari, anayeandika 60 Juni anaonekana ana chuki, na pengine anayo. Akiwa na maandishi hayo hahitaji ushujaa wowote.

Kwa hiyo kanuni ninayoipendekeza ni nyepesi: hakuna nyongeza inayoguswa kwa alama ya mwaka ikiwa hakuna mapitio ya katikati ya mwaka yaliyotiwa sahihi na wote wawili, yanayosema kasoro ni ipi na mwajiri ametoa nini ili irekebishwe. Msimamizi asiyefanya mapitio hayo, hilo liingie kwenye fomu yake yeye, kama lengo lake la kwanza, kwa sababu usimamizi ndio kazi anayolipwa. Aliyenyimwa ngazi akipata alama nzuri mwaka unaofuata, arudishwe pale ambapo angekuwa, ili kosa la mwaka mmoja lilipiwe mwaka mmoja na lisimfuate hadi dari. Na kwa waliofika dari, kazi duni itafutiwe adhabu nyingine yenye uzito unaolingana, la sivyo tukubali kwamba tunawaadhibu vijana tu.

Mlango wa rufaa tayari upo, ingawa wengi hawaujui. Kifungu cha 77 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinamruhusu mtumishi wa kaunti asiyeridhika na uamuzi unaohusu mshahara au nidhamu yake kwenda kwa Tume ya Utumishi wa Umma, kwa maandishi, ndani ya siku 90. Mahakama ya Ajira na Leba nayo ina kituo Nyeri mjini. Siku 90 kuanzia Juni 30 zinaishia mwishoni mwa Septemba, na mtumishi aliyepewa alama kwa mdomo tu, bila nakala ya fomu, anaweza kuzimaliza zote bila kujua zilianza. Kila nakala ya fomu ingepaswa kuwa na tarehe hiyo ya mwisho imechapwa chini ya sahihi.

Linabaki suala la malimbikizo. Mtu akikata rufaa na kushinda baada ya miezi 14, ngazi yake inarudishwa kuanzia lini? Marekani uamuzi uliobatilishwa na nyongeza iliyotolewa baadaye kwa kazi iliyoimarika ni mambo mawili tofauti: la kwanza hurudi nyuma hadi tarehe ya awali, la pili huanza na kipindi cha kwanza cha malipo baada ya uamuzi mpya. Nyeri ingefanya vyema kufuata mgawanyo huo na kuuandika wazi. Unahitaji fungu lake katika bajeti ya kaunti, na bajeti hiyo hupitishwa na bunge la kaunti kabla ya Juni 30, wiki zile zile ambazo fomu zinajazwa.